Mteja wa Kufungua Mwaka

Sa Đéc, 20 Novemba 2022

Dada Hai mpenzi,

Habari za Houston, na mgongo je, bado unakusumbua? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Simu zangu hupokei ukiwa umeshika mikono ya watu, na mimi siku hizi kutwa nimeshika ya wa kwangu, basi bora tuandikiane barua pepe.

Saluni ya kucha nimeifungua kwenye chumba cha mbele, pale Baba alipokuwa akitengeneza baiskeli. Watu wanakuja. Ila dada, hii rangi ya jeli inanitoa jasho! Nampaka mtu leo, keshokutwa anarudi, rangi imebanduka kama ganda la kitunguu. Mwingine rangi ilijikunja ndani ya taa ya kuikaushia kama utando wa maziwa. Juzi mke wa muuza mchele aliuchomoa mkono kwenye taa akapiga ukelele: "We Út, unanifanya mshikaki?" Mama naye yuko pembeni anamenya vitunguu, akamjibu, "Tulia, bado upande wa pili." Nilitamani ardhi inimeze.

Wewe umefanya kazi hii tangu mimi niko shule. Niambie nakosea wapi.

Mdogo wako,
Út


Houston, 27 Novemba 2022

Út wangu,

Nimecheka mpaka mwenye saluni kanitolea macho. Mgongo ni uleule, nimeshauzoea. Mwambie Mama namsalimu na apunguze chumvi.

Haya, sikiliza. Nakujua wewe, unawalowesha watu vidole kwenye beseni kabla ya kupaka. Acha! Ukucha unakunywa maji, jeli itashika wapi? Futa kwa spiriti, uache ukauke kabisa, ndipo upake. Kule kujikunja ni mkono mzito. Paka nyembamba, iive kwenye taa, kisha upake tena. Ukipaka nene, juu inaiva na chini inabaki mbichi, na ndiyo inayounguza watu. Halafu taa na jeli vitoke kwa mtengenezaji mmoja. Usiokoteze.

Na hili lishike kuliko yote. Watu wa kwetu wasipokatwa ngozi ya kuzunguka ukucha mpaka nyama ionekane, hawahesabu kama wametengenezwa. Ukikata hivyo halafu ukapaka jeli, ile mbichi inaingia mwilini. Siku mtu akikuambia vidole vinamwasha, mvue jeli, na usimpake tena. Sisemi mwezi, nasema maisha yake yote. Mwili ukishaikataa ndiyo basi.

Mengine utayajua kwa kuyafanya. Tết ya mwaka wetu mpya ikiisha uwahi kufungua, na mteja wa kufungua mwaka usimrudishe hata akija na kwato! Ukimrudisha wa kwanza, mwaka mzima utakaa kufukuza nzi.

Dada yako,
Hai


Sa Đéc, 14 Januari 2023

Dada Hai,

Hujambo? Mwaka huu tena huji, nimeshajua, sikuulizi. Sisi hatujambo ila hatulali, mji mzima unataka kucha kabla ya Tết. Nanuka asetoni ya kuvulia rangi hata nikiwa nakula wali. Beseni nimelitupa uani, napaka nyembamba kama ulivyosema, na hakuna tena anayerudi na maganda. Mke wa muuza mchele ameniletea shada la maua. Mungu akupe nini!

Jambo moja tu. Unamkumbuka Dada Diễm mpiga zeze, yule aliyepiga kwenye arusi yako? Vidole vilimwasha, kimoja kikatoa malengelenge. Nikamvua jeli nikamwambia, wewe basi, hutapaka tena. Akaguna: "Sasa nipande jukwaani na kucha za mchimba mihogo?" Lakini alikubali. Unaona? Nakusikiliza.

Mama amemwomba yeye ndiye aingie wa kwanza kutufungulia mwaka. Wanamgombania mji mzima, ana mguu wa heri. Duka la dawa alilolifungulia mwaka jana watu wanasimama mpaka barabarani. Ameahidi atakuja kwetu kwanza.

Mdogo wako,
Út


Houston, 5 Machi 2023

Út,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Nyinyi je?

Tết imepita, nimekuandikia sijajibiwa. Nimempigia Mama, kaniambia saluni imejaa, kisha akaanza kunisimulia habari za kuku. Mama akianza habari za kuku kuna jambo. Umeumwa? Umenikasirikia kwa sababu sikuja? Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Hai


Sa Đéc, 11 Machi 2023

Dada Hai,

Samahani. Sijaumwa, na sijakukasirikia. Sina uso wa kukuandikia, ndiyo maana.

Siku ya sita ya Tết nilifungua milango, na Dada Diễm akawa wa kwanza, kavaa gauni lake refu la manjano. Akampa Mama bahasha nyekundu ya pesa za heri, akaomba heri, akakaa kitini akaninyooshea mikono. "Angalia, vimepona. Nipake nyekundu, mwaka uanze na rangi." Na kweli vilikuwa safi. Nikamwambia, "Dada, leo nikukate tu, nikupake mafuta." Akanitazama. "Út, mimi? Unanirudisha mimi, siku ya kufungua?" Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Mpake, mtoto we, usitutie mkosi!" Na nje watu walishaanza kujipanga, wanamngoja yeye atoke.

Dada, nilikumbuka ulivyoniambia. Nilikumbuka yote mawili. Niliufikiria mwaka wangu, vidole vyake sikuvifikiria. Nikamkata ngozi, nikampaka.

Usiku uleule vilivimba. Vikachuruzika maji. Sasa kucha za mkono wa kulia zimeng'oka, zile anazofungia vidonoo vyake vya kupigia zeze. Hawezi hata kufunga kifungo. Arusi zote alizokuwa ameitwa amepewa mwingine, na huyo mwingine hata nyuzi hajui kuzikaza.

Wala hajanisema. Angekuja akanitukana mbele za watu ningepumua. Wakimuuliza anasema, "Nililazimisha mwenyewe." Lakini yeye hakujua ubaya wake, dada. Aliyejua ni mimi.

Na unajua linaloniua zaidi? Saluni imejaa. Tangu siku ile sijapata hata nafasi ya kukaa. Mguu wake wa heri umefanya kazi yake, na mimi ndiye ninayekula matunda. Mama anasema ni bahati.

Mdogo wako,
Út


Houston, 12 Machi 2023

Út wangu,

Leo sikuulizi hali, naiona.

Nimeirudia ile barua yangu. Mambo mawili niliyaweka pamoja, la kazi na la mzaha, na la mzaha nikaliweka mwisho. Aliyekuambia usimrudishe ni mimi. Nimekaa huku miaka yote hii nikiwarudisha watu wenye vidole vinavyowasha bila kupepesa macho, kwa sababu huku hakuna anayejali nani kaingia wa kwanza. Nilisahau huko kwetu lina uzito gani. Nisamehe. Jana nilikuwa namtengeneza mteja, nikalia, ikabidi nimdanganye kwamba ni asetoni.

Sasa usimpelekee matunda ukakimbia. Nenda ukakae. Mwambie wazi kwamba ulijua. Mwambie asiguse tena jeli, na akienda kwa daktari wa meno amweleze, kwa sababu vile vya kuzibia meno vina dawa iliyo ndugu ya jeli humohumo. Akikufukuza, rudi tena. Kucha zitaota, Út. Ila ngozi haitasahau, na asije akadanganywa na mwingine kwamba imesahau.

Dada yako,
Hai


Sa Đéc, 15 Februari 2024

Dada Hai,

Hujambo, na mgongo? Mama mzima, leo amenigombeza mpaka sauti imemkauka, utasikia.

Mwaka mzima nimekuwa nikienda kwa Dada Diễm. Mara ya kwanza nilimwambia kwamba nilijua. Akafunga mlango polepole, hata hakuubamiza. Baadaye akawa ananiachia nikae barazani. Kucha zimeota, wa dole gumba umeota kombo. Zeze analipiga kidogo, kwa watoto anaowafundisha. Lakini Tết hii hakuna aliyemwita kufungua duka wala nyumba. Wanasema mguu wake umekuwa mzito. Na yeye mwenyewe hatoki, hataki kumpelekea mtu mkosi.

Leo ilikuwa siku yangu ya kufungua. Asubuhi tu mke wa muuza mchele yuko mlangoni, na wengine nyuma yake. Nikawaambia, samahani, bado sijafungua. "Mlango si huu uko wazi?" Bado, nikasema. Mama akashika kichwa: "Unamrudisha wa kwanza! Unarudisha watu! Umerogwa?" Nikamwambia, ndiyo, Mama, leo narudisha wote. Nikavaa viatu nikaenda kwa Dada Diễm.

Nilimkuta anaosha vyombo. Nikamwambia, njoo unifungulie mwaka.

"Una wazimu," akasema. "Mwaka wangu ulikuwa mbaya, unataka nikuletee?"

"Huo mkosi ni wa kwangu, dada. Mimi ndiye niliyekupa."

Akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja. Kisha akatoka vilevile, na nguo za nyumbani na ndala. Watu wote walikuwa wangali wamesimama mlangoni kwangu. Kizingitini alisita. Mama alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akatoka mwenyewe akampa bahasha nyekundu kwa mikono miwili na kumwita ndani.

Nilimkata kucha tu. Ngozi sikuigusa. Nikampaka mafuta ya nazi, nikamsugua viganja. Kisha yeye akaishika mikono yangu, nikashindwa kujizuia machozi. Hakusema amenisamehe, dada. Sikumuuliza. Alipomaliza kuvaa ndala zake alisema, "Mwakani usije kunifuata. Nikitaka, nitakuja mwenyewe."

Akapita katikati ya watu akaenda zake. Nikawaambia walionisubiri waingie.

Mdogo wako,
Út