Shetani Hana Bisibisi

Nyumbani kwa Mama,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Nimeanza na salamu kwa sababu Mama alinilea vizuri, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Kile kifua cha mtoto wa mwisho kimepona? Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini yakishapata joto anazunguka nyumba nzima akitafuta wa kumgombeza. Mimi bado nashona sare za shule. Leo nimeiacha cherehani ili nikuandikie, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Jana tulipotoka kanisani, wifi alituambia kuna mtu amemtumia kwenye simu ushuhuda ulioutoa huko kwenu. Tulifurahi, nisikufiche. Mama alivaa miwani, sijui ya kusikilizia nini. Kaka akavuta kiti karibu, akaongeza sauti yeye mwenyewe kwa ule mkono wake wenye vidole viwili. Alikuwa anajivunia wewe, na nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Ndipo tukakusikia ukisema shetani aliingia kwenye karakana ya kaka yako. Kwamba alikutumia kulegeza kava la msumeno ili ubao mnene upite, kisha akakusahaulisha kulikaza. Kaka akaja, akaona kava lipo mahali pake, akawasha mashine, kava likaruka, na vidole vikaenda. Ukasema roho ya hofu ndiyo iliyokufanya uzikaze skrubu wakati watu wanamkimbiza hospitali, asijue mtu. Na kwamba Bwana amekusamehe yote. Huko watu wakapiga makofi. Hapa kwetu hakupiga mtu.

Sasa nisikilize. Shetani hana bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwako. Wewe ndiye uliyefungua, wewe ndiye uliyeliegesha kava juu juu kwa sababu ulikuwa na haraka zako, ukaondoka. Hapo naweza kusema ni uzembe wa ujana, nikameza. Lakini kukaza je? Damu ya ndugu yako bado mbichi kwenye meza ya mashine, wewe unazungusha skrubu moja baada ya nyingine! Kazi hiyo ilihitaji akili timamu, na akili hiyo ilikuwa yako.

Nina hasira. Unajua kaka ameishi vipi tangu siku ile, maana kila ukija likizo unakula kwake. Watu walikagua mashine, wakakuta kava limekazwa vizuri, basi naye akaamini kwamba aliusogeza mkono vibaya. Alifunga karakana, akauza randa na patasi, na mpaka leo hagusi hata mguu wa kiti uliolegea. Fundi aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa huu sasa anafungua na kufunga geti la shule. Wanawe wakikata mkate anawaambia, "Angalieni vidole, msije mkawa wazembe kama baba yenu." Maneno hayo umeyasikia kwa masikio yako, ukiwa mezani kwake, ukaendelea kutafuna.

Ushuhuda wako ulipoisha, kaka alimwambia wifi arudishe pale pa kava. Akasikiliza. Akasema arudishe tena. Kisha akatugeukia, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sikuwa mzembe?" Mama akaanza kulia. Mimi nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya jirani, na leo kidole cha mguu kimevimba, nalo hilo nimelihesabu juu yako.

Mimi si mchungaji, mimi ni fundi cherehani. Lakini toba gani hii ya kuwatangazia watu wasiotujua, huku uliyemkosea anaipata kwenye simu ya mkewe kama umbeya? Umefunga, umekesha, umewekewa mikono. Umemweleza Mungu, ambaye alikuwepo na aliiona kila skrubu. Asiyejua alikuwa kaka, na ndiye hukumwambia. Kanisa zima limejua kabla yake! Au ulidhani ukishamalizana na Mungu, sisi wengine tutajimaliza wenyewe? Na usiniandikie kwamba huduma imekubana. Huduma yako ya kwanza iko huku, imekaa getini na kofia ya mlinzi kichwani.

Kuna jambo jingine, na hili ni langu. Jana hiyo hiyo kaka alichukua simu akuandikie. Nikachungulia. Ameandika, "Nimekusamehe mdogo wangu, usijali, endelea na kazi ya Bwana." Ndivyo alivyo, unamjua. Nikamnyang'anya simu, nikaufuta ujumbe. Ndiyo, nimeufuta mimi. Akanikaripia, akasema msamaha ni wake, mimi haunihusu. Ni kweli. Nikamsihi tu asimpelekee mtu ambaye hajaomba, maana ukiupata kirahisi hivyo Jumapili utaupandisha madhabahuni nao upigiwe makofi. Mwishowe akakubali kukusubiri.

Kwa hiyo njoo. Usitume ujumbe, usimtume mzee wa kanisa, usiniambie utapiga simu. Njoo usimame mbele yake useme, "Kaka, mimi ndiye niliyelegeza, na mimi ndiye niliyekaza." Shetani usimtaje hata mara moja, hakualikwa.

Msalimie mkeo, na umsomee barua hii yote bila kuruka pale panapokuchoma. Wanangu wape busu la shangazi. Mama anakusalimu, mengine atakuambia ukifika. Wifi bado hana salamu za kukupa, na simlazimishi. Mungu akunyime usingizi mpaka upande basi, kisha akulinde njia nzima.

Kaka ameniuliza utakuja siku gani, aombe ruhusa kazini mapema. Anataka akupokee stendi, asije mtu mwingine akakubebea mzigo.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako.