Farasi Aliyemfuata Dada Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Hujambo huko Alberta? Sisi hapa mtaani Crescent Town tu wazima, na babu yako goti lake limepata nafuu. Video yako ilinishtua hadi babu yako akaniuliza kuna msiba gani. Kumbe umechukua farasi wa mwituni umfuge, naye kila ukimkaribia anakukimbia.

Nilipokuwa msichana kule Siha, farasi walioachwa na mlowezi mmoja walizaliana porini. Baba, msimamizi wa shamba, akamkamata jike mmoja. Yule jike alimvunja mfanyakazi mkono. Baba akachukua bunduki, akasema, "Asipokubali kamba leo, basi."

Dada yangu Zuhura, aliyeogopa hata mbuzi, akaingia zizini mikono mitupu. Farasi akalaza masikio, akapiga kwato chini. Zuhura akampa mgongo, akaanza kuondoka taratibu, kisha akasimama. Salma, mpaka leo siamini nilichokiona. Yule mnyama alimfuata, akaweka pua begani kwake, akashusha pumzi. Baba akaweka bunduki chini.

Baadaye nilimuuliza Zuhura alijuaje.

"Sikujua," akasema. "Nilimwona anaogopa. Mimi nikiogopa, sipendi kukodolewa macho."

Kesho yake yule farasi alikubali kuvishwa kamba, na aliyemvisha ni Zuhura.

Mungu akulinde na mateke ya huyo farasi wako.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi