Babu, Kidole ni Chako

Chanika,
Dar es Salaam.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Babu Revelian,

Shikamoo Babu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani, goti halikusumbui, na jua la huko Muleba linaikausha kahawa yako vizuri. Bibi Adventina hajambo? Na yule ng'ombe aliyekuwa anakataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa wewe, ameshalegeza moyo?

Sisi huku ni wazima. Kipupwe kimeingia. Asubuhi ukungu unashuka kutoka vilima vya Pugu na kulala juu ya mihogo, na zile nyumba ambazo hazijapauliwa zinaonekana kama zinaelea. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la barabara, lakini anaenda kazini. Dada yako, Bibi Kokushubila, bado anapalilia mwenyewe na bado ananigombeza kwamba nashika jembe kama nashika kijiko.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu hatuna njia nyingine ya kukufikia. Tangu laini yako ilipofungwa kwa kuwa ulikataa kuisajili kwa alama ya kidole, wewe kwetu umekuwa mtu wa barua. Mimi sichukii. Kwenye simu naona haya, maneno yananikauka, lakini kwenye karatasi naweza hata kukutazama usoni.

Jambo lenyewe ni masikio ya Bibi. Daktari amempima akasema yanafunga taratibu na hayatafunguka tena. La kulia limeshafunga. La kushoto linasikia asubuhi tu, kabla majirani hawajawasha redio zao. Bibi hakulia. Alisema anataka kuisikia sauti yako kabla mlango huo haujafungwa. Anasema sauti ya mama yenu imebaki ndani ya sauti yako, hasa ukicheka, na kwamba hakuna mahali pengine duniani ilipobaki.

Najua uliwahi kuazima simu ya katekista. Ulimsalimia Bibi ukakata, kisha ukatuma ujumbe kwamba huwezi kuongea na dada yako huku watu wamekuzunguka kama msibani. Bibi alicheka sana siku hiyo. Lakini salamu tu haimtoshi. Anataka mkae, mwongee Kihaya polepole, mnyamaze, mwongee tena. Kwa hiyo Mama ameniagiza nikuombe ukubali kusajili laini. Ameniagiza mimi kwa sababu kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu.

Hukuwa na habari hiyo. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha kusajili laini za simu, hapa hapa Chanika karibu na soko, cha kufanya huku nasubiri chuo. Nilipewa fulana yenye jina la kampuni, kiti cha plastiki, mashine ndogo ya kusoma vidole, na kivuli cha mwamvuli mkubwa wa rangi ya zambarau. Chini ya mwamvuli ule watu wote waligeuka rangi. Mchana, joto likizidi na sauti za sokoni zikiwa mbali, nilijiona kama nimekaa ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Nilipokuwa mdogo nilidhani Serikali ni mtu. Nilimwona kichwani mwangu, mrefu mno, amelala nyuma ya vilima vya Pugu, na umeme ukikatika nilijua amegeukia upande wa pili. Kampuni nilidhani ni mdogo wake wa kike anayependa kujipamba, ndiyo maana picha zake zimejaa barabarani. Sasa nilipovaa ile fulana watu wakaanza kuniita mimi kampuni. "We kampuni, njoo huku." "Kampuni, mbona bando lenu linaisha hivi, mnalinywa?" Nilikuwa nageuka nyuma kuangalia wanamwita nani.

Babu, nilipenda vidole. Nilikuwa sithubutu kuwatazama watu machoni, basi nilitazama vidole vyao. Vya mafundi ujenzi vimelambwa na saruji mpaka mistari haipo. Vya wamenya mihogo vina mikato midogo myeupe. Vidole vya namna hiyo mashine inavikataa kweli, na inabidi mtu afute, aweke tena, afute tena. Kwa hiyo ukimwambia mtu "haijasoma", haoni ajabu.

Hapo ndipo penye ubaya. Kiongozi wetu aliitwa Brightson, kijana mcheshi, kila mama anayepita anamwita "mama mkwe" na wote wanacheka. Siku moja alininong'oneza kwamba nikimpata mtu mzima asiyejua mambo ya simu, hata kama kidole kimesoma, nimwambie hakijasoma. Akiweka mara ya pili, laini nyingine inafunguka kwa jina lake bila yeye kujua. Laini hizo zinaenda kwa wale matapeli wanaowatumia watu ujumbe wa uongo. Polisi wakifuatilia, wanamkuta bibi kizee anayeuza vitumbua.

Nilimuuliza kama kampuni inajua. Akacheka. "Kampuni inataka laini nyingi, sista. Imekuuliza zimetoka wapi?" Nimeyafikiria sana maneno hayo. Sidhani kama kuna mkubwa yeyote aliyemwambia Brightson aibe kidole cha mtu. Walimwambia tu laini ngapi zinatakiwa, kisha wakatazama pembeni.

Kesho yake alikuja Bi Chausiku, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye simu yake ilidumbukia kwenye sufuria la uji. Alitaka kurudishiwa laini yake.

"Kidole kipi, mwanangu?"

"Cha shahada, bibi."

Akaweka. Taa ikawaka kijani. Brightson alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akasema, "Haijasoma hiyo, mama mkwe. Futa, uweke tena."

Bi Chausiku akafuta kidole kwenye khanga. Hakumtazama Brightson, alinitazama mimi. "Eti, Anjelina? Haijasoma?"

Mashavu yaliniwaka moto. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kama nitaongea. "Imesoma, bibi. Imesoma mara ya kwanza."

"Huyu mtoto bado ana usingizi wa shule," Brightson akasema. "Hajaona vizuri."

"Weye mie sikujui," Bi Chausiku akamwambia, taratibu kabisa, "na hiyo kampuni yako siijui vilevile. Mie namjua huyu, mjukuu wa Bi Koku. Akisema imesoma, imesoma." Akakiingiza kidole ndani ya khanga kama mtu anayeficha pete.

Alipoondoka, Brightson aliniambia pale si madrasa wala kanisa, na kama nataka wema nirudi nyumbani nikapalilie mihogo. Nilirudi. Fulana yake niliifua, nikaipiga pasi, nikampelekea asubuhi yake. Sijui kwa nini niliipiga pasi.

Lakini maneno ya Bi Chausiku hayakuniacha nilale. Watu wa Chanika hawakuwa wanaiamini kampuni. Walikuwa wananiamini mimi, kwa sababu wananijua tangu nikiwa nachota maji na ndoo kubwa kuliko kichwa changu. Kampuni iliuazima uso wangu. Ndiyo maana haimweki mgeni chini ya mwamvuli, inamweka mtoto wa jirani.

Baadaye Bi Chausiku alikuja nyumbani kuniomba nimwangalizie kama jina lake ni salama. Kuna namba ya bure ya kupiga, inakuonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tulikuta laini ambazo hakuwahi kuzishika, zilizofunguliwa kwa jina lake kabla ya siku ile. Nilimsindikiza mjini, kwenye ofisi za serikali zinazosimamia mambo ya simu. Kwenye ofisi ya kwanza, mtu alitujibu bila kuinua kichwa kwamba turudi siku nyingine. Bi Chausiku alikuwa ameshaanza kufunga kilemba aondoke. Nilitaka na mimi kuondoka, unavyonijua. Lakini nilikumbuka kwamba ningekuwa mimi ninayerudi naye nyumbani mikono mitupu, basi nikauliza kwenye chumba kingine.

Humo tulimkuta mama mmoja, mtumishi wa serikali, anaitwa Filomena. Alikuwa ameshika mkoba aende kula. Aliuweka chini. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza kioo cha kompyuta kikamwelekea Bi Chausiku. "Zako ni zipi na zisizo zako ni zipi, bibi, nionyeshe wewe. Tunazifuta pamoja, uone zinavyoondoka." Wakazifuta. Bi Chausiku alikuwa anasema "na hiyo, na hiyo," kama anachambua mchele.

Kuhusu Brightson tulijibiwa kwamba taarifa imepokelewa. Nasikia bado yupo, chini ya mwamvuli mwingine, anaita watu mama mkwe.

Babu, mara ya mwisho nilipokuja likizo uliniuliza, kwa nini mtu aiamini serikali au kampuni kubwa, na mimi nikatazama miguu yangu. Jibu langu bado halijaiva, lakini nitakupa kama lilivyo. Mimi naona haya kupita kiasi, unajua. Wenzangu wananicheka. Lakini nimegundua kwamba tunamwamini mtu kwa sababu anaweza kuona haya mbele yetu. Kampuni haina mashavu. Serikali haina mashavu. Kitu ambacho hakiwezi kuona haya sijui namna ya kukiamini kama ninavyokuamini wewe. Naona kinastahili kutazamwa, kila siku, kwa macho mawili, hata siku kinapotufanyia mema. Ila ndani yake wamo watu wenye mashavu kama yule mama Filomena, na tukigoma kabisa kuingia mlangoni hatutawaona. Tutabaki na akina Brightson tu, kwa sababu wao ndio wanaotufuata nje.

Na kuna jambo jingine, unisamehe kwa kulisema. Kampuni haijui kwamba umeigomea. Haijakukosa hata siku moja. Anayekukosa ni Bibi.

Mama hakutaka nikuandikie habari za Brightson. Alisema, "Ukimweleza hayo, mjomba hatasajili mpaka anaingia kaburini. Wewe mwambie ni salama, basi." Ni kweli ingekuwa barua fupi. Lakini nilikumbuka ulivyonisimulia siku kampuni ya miti ilipokuja kijijini na maofisa wa serikali. Mlitia dole gumba kwenye karatasi mkaambiwa ni mahudhurio ya mkutano, na baadaye karatasi ile ile ikatolewa kama ushahidi kwamba mmekubali kuitoa ardhi ya malisho. Ulisema ardhi haikukuuma kama kuona dole lako limeongea uongo. Sasa nikikuomba kidole huku nakuficha ninayoyajua, nitakuwa nimekutolea karatasi nyingine ya mahudhurio. Nilimwambia Mama hivyo. Akasema niandike ninavyotaka, ila niandike vizuri.

Kwa hiyo yote nimekuambia. Kidole ni chako.

Kama utakubali, usisajili kwa mtu wa barabarani, nenda dukani kwa kampuni yenyewe, uende na mjomba Projestus. Mwambie anayekuhudumia akigeuze kioo ukione. Weka kidole mara moja. Ikisema haijasoma, msome yeye usoni kwanza kabla hujaweka tena. Kisha mpige ile namba ya bure, Projestus anaijua, mwone ni laini moja tu. Fanyeni hivyo mara kwa mara, kama mnavyokagua uzio. Halafu nipigie asubuhi, Bibi akiwa amekaa upande wa mihogo ambako hakuna redio. Nitamwekea simu kwenye sikio la kushoto na nitaondoka, sitasikiliza.

Kama utakataa, sitakuona umekosea. Nitamsomea Bibi barua zako, nikimpaazia sauti sikioni, na kwa sauti hiyo siri zenu zitakuwa za Chanika nzima. Bi Chausiku atazijua kabla ya chai. Tatizo ni moja tu, Babu. Nitaweza kumsomea kila neno lako, lakini mahali ulipocheka sitaweza kupasoma.

Nisalimie sana Bibi Adventina, mjomba Projestus na watoto wake, na katekista mwambie asante kwa simu yake ya siku ile. Mama anakusalimu. Bi Chausiku anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema kaka wa Bi Koku ni kaka yake. Bibi mwenyewe hakunipa salamu za kuandika. Anasema zake amezitunza mdomoni.

Mungu akulindie goti, ailinde kahawa yako na mvua isiyo ya msimu, na akupe asubuhi tulivu.

Ni mimi mjukuu wako, nikupendaye bila kukuficha neno,

Anjelina