Kodi Iliyolipwa Mnarani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Masumbwe
Tarehe 14/03/2025, saa 4:20 asubuhi

Jina: Edson Bujiku Ndaki
Umri: Miaka 54
Kazi: Mwuza nguo za mitumba, pia mtangazaji wa soko
Makazi: Masumbwe, Wilaya ya Mbogwe

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kama ifuatavyo:

Mnamo tarehe 12/03/2025, majira ya saa 5 asubuhi, nilikuwa sokoni Masumbwe nikiutangazia umma jambo zito: kwamba jogoo mwekundu wa Mama Violeth, aliyepotea tangu Jumapili, amepatikana akiwa hai na mwenye afya njema chini ya meza ya dagaa, na kwamba mwenye mali afike na shahidi wa kumtambua. Afande anayeniandika amesema jogoo si sehemu ya shauri hili. Ni sehemu. Bila jogoo huyo kipaza sauti kisingekuwa mkononi mwangu.

Nimeitwa kueleza ni nani alianza kumwitia mwizi Nasibu, mlinzi wa mnara wa simu ulio nyuma ya soko, siku hiyo alipopigwa. Nasibu mwenyewe amelazwa. Taya limevunjika, hawezi kusema.

Lazima nianze na Generoza, Mama Noela, mzaliwa wa Ushirombo. Desemba alifungua duka la kwenye simu. Halina mlango wala meza. Anapiga picha viatu na vitenge, anaziweka mtandaoni, mteja wa Segese au Chato analipa, mzigo unapanda basi. Nilimcheka sana, mpaka nilipoona wateja wangu wanapita na vifurushi kutoka stendi huku mashati yangu yakipauka juani. Ukweli ni kwamba mashati yenyewe hata mimi siwezi kuyavaa, tumbo limekataa.

Mwishoni mwa Januari alinijia mezani.

"Shikamoo, Baba Kudra."

"Marahaba, mayu, mama yangu."

Akasema amepata mteja mkubwa, kantini ya kambi moja ya wachimbaji huko Segese. Wanataka aproni na ndala za wapishi wote, ila lazima duka liwe linalipa kodi. "Sasa duka la simu linalipia wapi? Nisije nikakosea, mzee wangu."

Mimi ni mtu wa utani. Hata msibani nimewahi kutolewa nje kwa utani. Nikamuuliza, "Wewe si umekulia machimboni? Mwamba unagawanywa wapi?"

"Pale pale mdomoni mwa duara, kwenye shimo lenyewe," akasema. "Mwenye shamba anachukua mifuko yake, mwenye duara yake, serikali yake, mawe hayajaondoka hata hatua moja."

"Basi. Na mtandao unatokea wapi?"

Akageuka akautazama mnara. Nikakaza uso kama niko misani, nikamwambia, "Kila Ijumaa, kwa Nasibu. Na umsalimie vizuri."

Nasibu nilimpanga kabla Ijumaa haijafika. Alisita. "Baba Kudra, huyu mama atatufungisha." Nikamwambia ni mchezo wa wiki moja. Ijumaa hiyo tulikula mbuzi wa kuchoma kwa pesa ya Generoza, sisi na wenzetu wa meza za jirani. Ijumaa iliyofuata alirudi na kodi, tukala tena. Soko lote likajua. Akipita kwenda mnarani, wauza nyanya waliinama, mabega yanatikisika. Yeye aliwaamkia mmoja mmoja.

Narudi tarehe 12. Saa 5 na nusu maofisa wa kodi walifika kutoa elimu kwa wafanyabiashara. Ofisa mmoja, dada mdogo tu, alisema duka ni duka hata kama liko ndani ya simu: linasajiliwa, linapewa namba ya mlipakodi, linatoa risiti. Akauliza nani ana duka la namna hiyo. Generoza akasimama, amevaa kitenge kipya.

"Mimi hapa. Na sidaiwi. Nalipa kila Ijumaa kwa Nasibu wa mnarani."

Soko lilicheka. Watu walikaa chini kwa kicheko. Generoza naye alicheka kidogo mwanzoni, akidhani anapongezwa. Kisha akasema, "Jamani, mbona mnacheka?" Tukazidi kucheka. Wengine walikuwa wameinua simu wanarekodi. Ofisa alimwambia kwa upole aende ofisini kwao, atasajiliwa, hajachelewa. Kisha wakaondoka.

Saa 7 mchana video ilikuwa imefika Segese. Kantini ikamwandikia kwamba haifanyi biashara na mlipakodi wa mnarani. Alikuja mezani kwangu akanionyesha ujumbe huo. Hakupandisha sauti.

"Baba Kudra, si wewe uliyeniambia?"

Wakati huo huo Nasibu alikuwa anapita kwenda kununua chakula. Generoza akamwita. "Kaka Nasibu, nani alikutuma uchukue pesa yangu?"

Nasibu akaniangalia. "Baba Kudra, waambie."

Juzi nilimwambia afande kwamba wakati huo nilikuwa chooni. Sikuwa chooni. Nilichukua kipaza sauti nikakiwasha, na kwa sauti ile ile niliyotangazia habari ya jogoo nikasema: "Tangazo, tangazo! Mwizi wa kodi ya Mama Noela amepatikana, yuko hapa mbele ya meza ya mitumba."

Wa kwanza kumpiga ni wale tuliokula nao mbuzi. Walipiga kwa bidii, nadhani ili asipate nafasi ya kuwataja. Generoza alimlalia Nasibu akipiga kelele, "Mwacheni! Ni pesa yangu, nimesamehe!" Wakamvuta kwa kitenge, kikachanika. Mimi nilisimama pale pale. Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, na kilio cha Generoza kilisikika mpaka stendi.

Leo nimemkuta Generoza kwenye benchi la nje akisubiri zamu yake. Ameniamkia. Sikuitikia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimesema kwa hiari yangu, bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: E. B. Ndaki

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Yamesimamishwa hapa ili aonywe na kuandikwa upya kama mtuhumiwa. Ameomba habari ya jogoo ifutwe. Sijaifuta.
D/CPL Evance