Kaka, Kiti cha Gitaa Kina Mtu

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.
9 Oktoba

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi kimemwachia? Huku tu wazima, ila mama mdogo macho yanamsumbua, na mimi nina dukuduku ambalo nimeona nilitoe kwa kalamu.

Mama mdogo amenifikishia ujumbe wako. Kwamba unakuja kwenye harusi ya binti wa dada, na siku hiyo utapiga gitaa na bendi kama zamani, "huyo mdogo atanipisha." Huyo mdogo ana miaka arobaini na mmoja, Kaka, na hapishi.

Ngoja nikukumbushe. Mwaka jana nilikuomba unifundishe ile kordi ya diminishi, yenye noti zinazoachana sawasawa, kuipiga noti moja moja kupanda na kushuka, maana kiongozi wa bendi hampokei mpiga gitaa asiyeiweza. Ukanijibu kwa mstari mmoja: anza popote kwenye waya, hesabu nafasi tatu kati ya vyuma vya shingo ya gitaa, piga, hesabu tatu tena, noti ni nne, ya tano ni ile uliyoanzia, kwa juu.

Nikashika. Kila mchana wateja wakipungua nilichomoa mkanda wa cherehani sindano isiende, nikakanyaga pedeli initunzie mapigo, vidole vikiwaka moto.

Lakini hesabu ikagoma. Mimi nilipata noti sita kabla ya kurudi nilikoanzia, si nne. Nikakuandikia: sita, Kaka, nakosea wapi? Ukajibu, "Fanya mazoezi, maswali hayapigi gitaa." Nikaandika tena. Hiyo hukuijibu kabisa.

Miezi saba! Nikaenda kusikilizwa na bendi na kosa langu mkononi. Mpiga besi, fundi bomba tunayemwita Kijiko, alicheka hadi akaiweka besi chini. "Dada, hiyo ngazi yako ina vidato vingi kuliko ya ghorofa!" Wote wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipokwisha kucheka akanishika kidole. "Unahesabu hapa ulipo kuwa moja. Hapa ni sifuri, dada. Moja ni hapo mbele."

Basi, ni hilo tu: nilikuwa nasogea nafasi mbili nikidhani ni tatu. Mimi ninayepima mabega ya watu kila siku kwa futi ambayo ncha yake ni sifuri, si moja, nilishindwa kuliona. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini wewe uliyejua hukutaka hata kuniuliza naanzia wapi kuhesabu.

Nilirudi nikapiga hesabu mwenyewe. Nafasi kumi na mbili kabla noti haijajirudia, noti nne kila kundi: kumbe gitaa zima lina makundi matatu tu, mengine ni yaleyale, umeingilia mlango mwingine. Siku kumi na moja, yote matatu yakakaa vidoleni. Kiongozi akanipa kiti. Huu ni mwezi wa tano nakikalia, na sikukiazima kwa mtu.

Kwa hiyo njoo, karibu sana. Chumba chako nimekipaka rangi, na suti ya harusi nitakushonea mimi. Niletee tu kipimo cha kiuno cha sasa, si kile cha ujanani. Ila kupisha, sipishi. Ukitaka kupiga, bendi inasikiliza watu Jumanne saa kumi, na wasikilizaji ni Kijiko na mimi. Ukikosea, nitakuonyesha pale pale ulipokosea. Mara ya kwanza utakapouliza.

Nisalimie wifi, na wale mapacha waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama mdogo naye anakusalimu, anasema usisahau miwani yake. Mungu akufikishe salama, na goti lako alipe nafuu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado,

Mpiga gitaa wa bendi.