Suruali ya Chumba cha Barafu kwenye Kiwanja cha Gofu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, na tafadhali usinicheke, maana wa kunicheka ninao wa kutosha hapa kazini. Mimi ni mwoka mikate, nakaribia kustaafu, na mke wangu ni mkunga, na huyo mke, mshauri, anacheza gofu, tena si kucheza kwa kupoteza wakati, anacheza mpaka amefika fainali ya kombe la wanawake la klabu, yeye aliyeanza ukubwani baada ya daktari mmoja wa hospitalini kwao kumpa fimbo zake za zamani, na sasa daktari mwenyewe hamwezi.

Shida ni baridi. Msimu huu kukipambazuka ukungu umelala kwenye nyasi na upepo unakata, na mke wangu ana goti la kushoto ambalo likipigwa na baridi linakaza kama bawaba yenye kutu, akirudi nyumbani anapanda ngazi kwa kushika ukuta, na mimi nikimwona hivyo hata unga siukandi vizuri. Alikuwa akivaa kisuruali chepesi, nikimwambia utaganda wewe, ananijibu, "Baba Pacha, suruali nzito siwezi kugeuka nayo."

Basi nikajitia ujuaji. Nikaenda kimyakimya duka la nguo za kazi, nikamwambia muuzaji nataka suruali yenye joto kuliko zote, akanitolea moja nene, bitana yake manyoya matupu, ile wanayovaa wanaofanya kazi kwenye vyumba vya barafu vya kuhifadhia nyama, akaapa kwamba baridi haipenyi humo hata kwa kuhonga. Mke wangu alipoifungua aliipima uzito mikononi, akanikumbatia, akasema, "Asante mume wangu, umenijali." Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa sikiliza kilichonikuta. Klabu ile mimi ndiye ninayewapelekea mikate, naingia mlango wa jikoni natokea mlango wa jikoni, kiwanja chenyewe sijawahi kukikanyaga. Siku ya nusu fainali nikasema leo hebu nimwone, nikasimama kwenye dirisha la jikoni na kreti ya mikate mikononi. Mshauri, yule mwanamke! Alivyousogelea mpira, alivyotulia, nadhani ule ndio utulivu anaowapokelea watoto wa watu, nikasahau hata uzito wa kreti. Kisha akanyanyua fimbo, suruali ikakataa. Kiuno hakikugeuka, kitambaa kikalia chwaa chwaa, mpira ukadundadunda kama chura ukaingia majini. Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Pole, Mama Godoro!" na kumbe ndilo jina lake huko siku hizi. Alishinda, lakini kwa taabu, yalimwokoa mapigo mafupi ya karibu na shimo ambayo hayahitaji kiuno. Jioni nikamuuliza suruali inaendeleaje, akanitazama usoni kabisa akasema, "Ina joto hiyo! Sijui nilikuwa naishije bila hiyo."

Nikinyamaza, ataivaa fainali na atashindwa kwa ajili yangu. Nikimwambia nilikuwepo, atajua nilimwona akichekwa, naye ni mtu wa heshima zake. Akirudia ile nyepesi, goti litamkatalia katikati ya mchezo. Nifanyeje na mwanamke huyu, mshauri, nami namwonea fahari kiasi hiki?

Mwoka Mikate

JIBU

Baba Pacha, nimecheka. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja kusoma, naye akacheka, halafu sote wawili tukaisoma tena taratibu. Hii uliyoniandikia ni barua ya mapenzi, umekosea anwani tu.

Kwanza nikugombeze. Mkeo alikwambia kwa mdomo wake kwamba hawezi kugeuka. Wewe, mtu wa tanuri, ukasikia baridi peke yake. Ukamnunulia mtu nguo ya kiunoni, kiuno chenyewe hakipo dukani! Hata unga huununui bila kuugusa. Na bingwa unaishi naye nyumba moja, halafu unakwenda kumchungulia dirishani kama mwizi wa kuku. Aibu, baba!

Mkeo naye nimemvulia kofia. Anajua fika ni nini kinachomharibia pigo, akaivaa hivyohivyo, akachekwa, akarudi nyumbani akakusifu. Yuko radhi kombe liende kuliko wewe uvunjike moyo. Mtu wa namna hiyo hafichwi kitu.

Leo jioni mkiwa mezani mwambie: "Mama Pacha, nilikuja kukutazama, na sijawahi kujivuna vile. Suruali ile nilikosea." Anza na kujivuna, maana ndilo kubwa. Kicheko usikitaje, akitaka kukisema atakisema mwenyewe. Na usiogope, mwanamke anayetukanwa na wazazi wa kila aina chumba cha kujifungulia hawezi kuvunjwa na jina la godoro.

Kesho nendeni dukani wote wawili, na fimbo moja mkononi. Nimempigia shemeji yangu anayecheza gofu, anasema joto halitokani na unene. Tafuteni kitambaa kinachovutika, ndani kiwe na manyoya mafupi laini, nje kiwe kimefumwa kwa kubana, upepo na umande visipite. Kiunoni iwe na lastiki, na pindo lisiburuze likafyonza maji ya nyasi. Aivae palepale, achuchumae kama anayekagua njia ya mpira, anyanyuke, azungushe fimbo mpaka mwisho. Ikimvuta gotini au ikilia chwaa, rudisheni, hata muuzaji aape mpaka kesho. Goti lenyewe alivalishe soksi ya goti ya sufu kwa ndani, na kabla ya kuanza atembee haraka lipate moto. Tena aivae mapema aizoee, fainali si mahali pa kujaribia nguo.

Ile ya chumba cha barafu usiitupe. Jumamosi mtafute mtu akupelekee mikate, uivae wewe, ukasimame nje kando ya shimo la mwisho, kwenye upepo, mahali ambapo mkeo akiinua macho atakuona. Usipige makofi mpaka mpira utulie. Na yeyote atakayeita Godoro, itika wewe.