Kikombe cha Mama Mkwe na Mizani Yangu Mpya

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kunigombeza nigombeze tu maana nadhani nastahili, ila usiniambie niachane na mtu yeyote, kwa sababu nyumba yetu ni ya raha na napenda iendelee hivyo. Mimi ni mke wa fundi friji, na tangu niolewe miaka sita iliyopita naoka mikate na mama mkwe wangu katika chumba cha nyuma chenye oveni moja na meza mbili, na huyu si mama mkwe wa kusimuliwa, ni mama haswa, ananitania, ananifunika shuka nikisinzia kwenye kochi, na akikanda unga huimba amefumba mdomo mpaka mume wangu husema oveni haiwaki bila ile sauti.

Sasa mama hupima kila kitu kwa kikombe cha bati kilichong'oka mkono, anacho kwa zaidi ya miaka thelathini, anachota, anapitisha kidole juu kusawazisha, basi, nami siku moja nesi jirani yetu aliposema mkate wa wiki ile ulikuwa mzito kidogo nikajiona mtaalamu, nikaenda kununua mizani ya kidijitali, ile bapa ya kioo, inayosoma mpaka gramu moja na kubeba kilo tano, nikaiweka juu ya kitambaa kinene nilichokifuma mwenyewe ili isikwaruzike, na kwa furaha yangu nikasema, tena nesi akiwa mlangoni anasikia, "Mama, kuanzia leo hatukisii tena." Mama akanitazama, akajibu, "Sawa, mwanangu. Mashine ina akili."

Ningeishia hapo ningesalimika, lakini kwa kimbelembele changu, mshauri, nilikichukua kile kikombe nikakijaza udongo, nikapanda mche wa kitunguu, nikakiweka dirishani nikidhani napamba, na mama alipokiona alifua aproni yake, akaikunja, akaitia kabatini, na hii ni wiki ya tatu hakanyagi jikoni. Anacheka nasi mezani, anauliza habari za kazi, lakini nikimwita aje tukande anasema, "Miguu inaniuma kidogo, mkwe," na miguu hiyohiyo inampeleka sokoni na kumrudisha. Tena umesikia ananiitaje siku hizi, mkwe, si mwanangu.

Na mikate yenyewe ni aibu tupu. Nafuata namba kama zilivyo, unga naupima mpaka gramu ya mwisho, na bado inatoka migumu, na chumvi ndiyo usiseme, naidondosha taratibu, mizani inakaa palepale, naongeza, inakaa palepale, naongeza, halafu inaruka ghafla na mkate unawasha ulimi. Nesi hajaja tena. Wifi yangu anahitimu ualimu Jumamosi ya wiki ijayo, watakuja watu arobaini, na ametuma ujumbe kwamba anataka mkate wa mama yake, si wa mashine. Mume wangu anasema ninunue mizani ya bei kubwa zaidi. Je, ninunue ipi, na nitamrudishaje mama jikoni bila kujidhalilisha? Nina hamu naye, mshauri, ingawa yuko chumba cha pili tu. Jikoni kumekuwa kimya mpaka nasikia friji ikinguruma, na friji hiyo aliitengeneza mume wangu mwenyewe, haikupaswa kunguruma.

Mwoka mikate wa chumba cha nyuma

*

Mwoka mikate, umeomba kugombezwa, basi kaa vizuri.

Usinunue mizani nyingine. Hiyo inatosha kabisa. Ni bapa, inafutika kirahisi, inasoma gramu mojamoja, nawe huoki mikate ya jeshi. Kosa ni kile kitambaa ulichokitaja kwa fahari. Mizani hupima ikiwa imesimama imara, na wewe umeizamisha miguu kwenye uzi. Inasoma pungufu, nawe unaongeza unga. Kwa hiyo wiki tatu hizi aliyekuwa anakisia jikoni ni wewe na mashine yako.

Kitoe leo. Iweke juu ya meza ngumu isiyoyumba, mbali na joto la oveni. Ijaribu kwa pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Ikisoma kilo na gramu chache za mfuko, iamini. Namba zikichezacheza, badilisha betri kabla hujamlaumu mtu. Weka bakuli kwanza, bonyeza sifuri, ndipo utie unga. Chumvi na hamira usizidondoshe; mizani ya kilo tano haishtuki kwa punje. Tumia kijiko cha chai, ukisawazishe kwa kidole. Unajua nani anaweza kukufundisha.

Sasa kikombe. Nesi alilalamika mara moja tu, wewe ukafanya mapinduzi! Ulimsema mama wa watu mbele ya mgeni, ukakizika kikombe chake, halafu unaogopa kudhalilika wewe? Ng'oa hicho kitunguu. Osha kikombe, kichemshe, kikaushe. Usimwite mama jikoni, mfuate sebuleni, umwambie umekosea na umekosea wapi. Nesi naye awepo, maana siku ile alikuwepo. Kisha mwombe achote unga kwa kikombe hicho, kama mkono wake unavyojua, mara tano, wewe upime na kuandika. Usimrekebishe hata kidogo.

Nina mizani mbili kwangu. Marehemu mama yangu alipima kwa kiganja, nami nilimcheka. Leo najua gramu za kila kitu isipokuwa za kiganja kile, na mkate wake sijaula tena. Inaniuma mpaka leo. Wako yuko sebuleni, mzima, anakungoja ukue. Nenda. Na kitunguu kitafutie kopo jingine.

*

Jibu hili nilimpelekea kwanza yeye, kwa kuwa Jumamosi haingoji gazeti. Juzi ameniandikia: "Mshauri, mama amechota mara tano. Gramu mia na themanini, mia na themanini na mbili, mia na sabini na tisa, mia na themanini, mia na themanini na moja. Nesi alizisoma kwa sauti. Mama akaiinamia mizani, akaitazama kwa muda, kisha akaenda kabatini kutoa aproni yake. Akasema, 'Si mbaya, mwanangu. Mashine yako inajifunza.'"